Nilimdanganya Baba Mkwe Niko Webuye

Makosa ni yangu, simsingizii mtu. Mkinicheka pia ni sawa, nimezoea.

Mimi ni mtumishi wa serikali, ofisi ya mifugo hapa Bungoma. Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali ninazobeba kwa mtungi. Idara ilininunulia simu ya mkononi ili mkulima akiona ng'ombe wake ana joto, yaani anataka dume, apige nifike siku hiyo hiyo. Joto halingoji mtu.

Jamani, simu hiyo ilikuwa na mchezo wa nyoka! Nikawa bingwa wa ofisi. Nikamtongoza pia mwalimu mmoja wa Kitale, kwa salio la serikali. Mungu anisamehe.

Siku moja mzee wa Ndalu, nisiyemjua, akapiga. "Daktari, ng'ombe inalia tangu asubuhi. Kuja haraka bana!"

"Niko njiani, mzee. Niko hapa Webuye."

Webuye gani! Nilikuwa kitini ofisini, miguu juu ya meza, nyoka wangu amejaa kioo kizima. Alipopiga tena nikamwambia nimefika Kamukuywa, karibu na kwake. Sikwenda. Joto likaisha, na mimi nikacheka na wenzangu.

Miezi miwili baadaye nikapeleka posa. Kwao mwalimu ni Ndalu pia, lakini Ndalu ni kubwa, sikuwaza. Nikaja na suti na wajomba wawili. Mama yake akatuketisha nje kwa benchi. "Mzee hayuko. Si umpigie?"

Nikapiga.

"Niko njiani, mwanangu. Niko hapa Webuye."

Ile sauti ilitoka kwa simu, na ilitoka pia nyuma ya zizi! Tulikaa na njaa hadi saa kumi. Nilipoinuka kunyoosha miguu, nikaona mlango wa zizi. Namba yangu, imeandikwa kwa chaki!

Mzee akajitokeza akitabasamu. "Karibu, daktari. Binti alinipa namba yako, nikaijua. Hiyo ng'ombe ilikungoja siku mzima. Sasa harusi ni siku itazaa."

Nilidhani ni mzaha. Ole wangu! Nilimpandisha ng'ombe huyo, mara ya kwanza haikushika. Sasa ameshika, na mimba ya ng'ombe ni miezi tisa. Mchumba wangu amenuna, anahesabu kwa kalenda ya ukutani.

Enyi wenzangu wenye simu za serikali, mkulima akipiga, acheni nyoka afe, mwende! Hamjui ni baba wa nani.

Mimi kila Jumapili niko Ndalu, nakatia ng'ombe nyasi. Na siku hizi nikisema niko njiani, niko njiani kweli.