Miguu Yangu na Dumu la Rubisi

Dada yangu alikuwa anahamishwa Jumamosi asubuhi. Mwanawe anayeishi Mwanza alikuwa anakuja na gari kumchukua, kwa sababu macho yake yamekwisha na alishaangukia moto jikoni mara mbili. Simlaumu mtoto. Lakini mtu wa umri wetu akipelekwa Mwanza harudi, tusidanganyane. Wiki moja kabla alinipigia simu kutoka Bweranyange, akasema neno moja tu: "Mdogo wangu, niletee rubisi ya mtumbwi wa mama."

Mtumbwi huo ninao mimi, hapa Mabira. Si wa majini. Ni gogo lililochongwa tumbo, ndimo tunamokanyagia ndizi mbivu, tunachanganya na mtama wa kukaanga, tunafunika kwa majani ya migomba, inachacha yenyewe ikawa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mama aliniachia mimi. Dada alininunia miaka miwili kwa hilo, kisha akaacha.

Nikaamua nitakwenda kwa miguu. Mama alipokwenda kwao Bweranyange hakupanda chombo chochote. Alitembea na kibuyu kichwani, dada nyuma yake, mimi nyuma ya dada, nikikanyaga alipokanyaga. Nilitaka nimwambie dada kabla hajaondoka: nimepita njia yetu yote, bado ipo.

Mjukuu wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilipomwambia alicheka mpaka akakaa chini.

"Bibi, magoti hayo yanalia ukienda chooni, leo unataka vilima?"

"Yanalia, lakini yanafika. Wewe unapanda bodaboda kwenda dukani."

Alichukua daftari akapanga yeye. Ijumaa asubuhi, pikipiki mbili, saa nne tumeshafika. Aliandika vizuri, na mistari akapiga kwa rula. Nikamuuliza: "Na rubisi itakuwa ya siku ngapi?" Akaweka rula chini.

Rubisi haimsubiri mtu. Siku ya kwanza ni tamu, ya watoto na ya wanaojifanya hawanywi. Siku ya pili ndiyo yenyewe. Siku ya tatu inakunja uso. Dada hanywi nyingine ila ya siku ya pili, alivyomrithi mama. Basi nikahesabu kwa kurudi nyuma: tunywe Ijumaa jioni, kwa hiyo tukamue Jumatano mchana, kwa hiyo ndizi ziingie shimoni kuiva siku ileile aliyopiga simu. Nilitoka kwenye simu nikashika panga.

Na miguu nayo nikaipangia. Tuondoke Alhamisi alfajiri, tulale kwa ndugu za marehemu mume wangu katikati ya njia. Ijumaa tuvuke bonde la matete kabla ya saa sita, maana mvua za siku hizi zinashuka mchana na bonde likilowa linakuvua viatu. Wenye magoti mapya huenda kwa siku moja. Mimi nilijipa mbili.

Mjukuu alikubali kutembea nami kwa sharti moja: rubisi nisiibebe kichwani. Ije Ijumaa na bodaboda ya jirani yetu, kwa barabara kubwa, ikutane nasi kwa dada. Nikakubali, na hapo ndipo nilipoharibu.

Kibuyu cha mama kilizibwa kwa jani la mgomba lililosokotwa, kikawa kinapumua. Mimi nilitia kwenye dumu la plastiki, nikakaza kifuniko kwa nguvu zote, juu nikafunga mpira wa baiskeli. Yule jirani ni mtu mzima mwenye wajukuu, ila namjua, akibeba rubisi huonja kila kona.

"Bibi, si itahitaji kupumua?" mjukuu akauliza.

"Wewe fundisha hesabu."

Njia ipo. Mahali pengine wamelima maharage juu yake, tukaomba kupita, wakatupisha. Jiwe alilokuwa akipumzikia mama lipo, nikalikalia. Hapo nikakata fimbo, kwa sababu goti la kushoto lilikuwa limeanza maneno. Mjukuu anasema nilikaa chini mara kumi na moja. Mimi sikuhesabu. Bonde tulilivuka saa tano, mvua ikaanza tukiwa ng'ambo, nikamwambia aandike hilo kwenye daftari lake.

Saa kumi jioni tuliingia uani kwa dada. Tulikuwa hatujasalimiana pikipiki ikafika. Jirani alilowa kuanzia shingo hadi viatu, na povu kwenye nyusi.

"Shikamoo mama," akamwambia dada, kisha akanigeukia. "Dumu lako limenipiga risasi, bibi. Pale kwenye matuta ya barabara. Kifuniko sijakiona mpaka sasa."

Ndani ilibaki robo. Wiki nzima ya kuhesabu, imemwagika kwa sababu ya choyo changu. Nilisimama na dumu mkononi.

Dada alikuwa kwenye mkeka. Alinusa hewa. "Huyu mgeni ndiye rubisi yenyewe? Mkamueni basi!"

Mjukuu akacheka, jirani akacheka. Mimi nililia. Dada akaniita nikae, nikampa kikombe. Akaonja.

"Siku ya pili," akasema. "Mtama umezidi."

"Mama alitia hivyohivyo."

"Mama alitia kidogo. Wewe ulikuwa mdogo, unajua nini."

Tukagombana hapo juu ya mtama kama wasichana, robo ile ikatutosha, na jirani tukampa kikombe chake. Kisha dada akanyoosha mikono akanishika miguu. Akapapasa matope yaliyokauka kwenye vifundo, akapapasa malengelenge, taratibu, kidole kwa kidole.

"Umepita bonde la matete," akasema.

"Nimepita."

"Na jiwe?"

"Lipo. Nimelikalia."

Aliendelea kunishika miguu mpaka uji ulipoletwa.

Asubuhi gari lilikuja. Mwanawe alimpakia magodoro, sufuria, redio. Akamuuliza kama kuna kingine. Dada akanyoosha mkono kwangu, akasema, "Hiyo fimbo ya njiani." Nikampa. Akaiweka mapajani, akaikumbatia kama mtoto, gari likaondoka.

Mimi sikuwa tena na fimbo. Nilirudi Mabira nyuma ya jirani, kwenye pikipiki inayonuka ndizi, na mjukuu kwenye nyingine, saa nne tumefika, kama alivyoandika.