Makaroni ya Bata Mzinga

Siagi ikiyeyuka kwenye sufuria, kisha unga wa ngano ukanyunyiziwa juu yake, hutoka harufu ya biskuti zinazokaribia kuungua. Watu wengi wanaipenda. Mimi nikiisikia, hata kama inatoka kwa jirani na mimi napita zangu nikitoka sokoni Kashaulili, mate yananijaa mdomoni na koo linafunga, vyote kwa pamoja. Nikikaribishwa chakula nyumba kama hiyo nasema nimeshiba. Acha nikueleze wewe, maana hata mume wangu sijawahi kumweleza ikaeleweka.

Tulikuwa tunaishi Shanwe, kwenye nyumba ya Bibi mzaa mama: Bibi, Mama na mimi. Mama alikuwa mpishi kwenye kambi moja ya watalii upande wa Sitalike, na huko ndiko alikojifunza mapishi ya kuchukua nyama ya jana na kuipika upya mpaka inakuwa tamu kuliko ilivyokuwa jana. Mwaka ule aliacha kazi ili amuuguze Bibi, aliyekuwa na uvimbe kooni. Walikuwa wamempeleka hospitali kubwa, safari ya basi ya kutwa nzima, na daktari akawarudisha na maneno mafupi: mpelekeni nyumbani, mpeni chochote anachotaka kula.

Nilimsikia Mama akiyarudia maneno hayo kwa jirani, ameegemea mlango, nami nikafurahi sana. Nilimwona daktari yule ana utu. Mimi nilipougua malaria nilinyimwa soda, nikanyimwa chipsi, nikalazimishwa uji wa chumvi. Bibi ameruhusiwa kila kitu! Nikaenda mwenyewe kumpa habari njema. Bibi alinitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Ehe, Skola," akasema. "Sasa tuanze na nini?"

Hatukuanza na chochote, kwa sababu hakuna kilichopita. Ugali uligoma, wali uligoma, hata ndizi mbivu. "Mgonjwa haulizwi uji," Mama alikuwa akisema, huku akikoroga wa ulezi, kesho yake wa mchele, keshokutwa wa karanga. Bibi alipokea kikombe kwa adabu zote, kama yupo ugenini, akaonja, akakirudisha. Siku nyingine hata hicho alichoonja kilirudi kupitia puani. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana juu ya kitenge. Sijui kama umewahi kukaa kwenye hali hiyo: nyumba ina mahindi, ina mchele, ina mafuta, na mtu wako anakonda kwa njaa mbele ya macho yako. Huna wa kumlaumu. Unafunika sufuria, unaenda kuosha vyombo.

Sasa, Bibi alikuwa na bata mzinga. Alimlea tangu kifaranga na akampa jina la Mtendaji, kwa sababu, kama afisa mtendaji wa kata, alitembea kifua mbele, akakagua nyua za watu, kisha akaondoka bila kumsaidia mtu. Mimi nilimwogopa kuliko mwalimu wa hesabu. Kwenda chooni ilibidi nibebe ufagio. Bibi alikuwa amesema tangu zamani kwamba Mtendaji ni wa Krismasi, na alipougua tukadhani ataahirisha. Mama akajaribu kumshawishi: "Mama, tumwache tu. Wewe mwenyewe huwezi kumla."

"Kwani nilimfuga nimle peke yangu?" Bibi akajibu.

Basi Mtendaji akachinjwa. Alimchinja jirani yetu Mwislamu, mwenye duka, kama ilivyo kawaida mtaani kwetu, ili kila atakayebisha hodi ale bila kuuliza maswali. Na waliobisha hodi walikuwa wengi, kwa sababu watu walikuwa wamesikia kwamba Bibi amerudishwa kutoka hospitali. Mimi niliamini wamefuata nyama.

Hapa lazima nisimame nieleze habari ya firigisi. Kwetu, firigisi ya ndege yeyote aliyechinjwa nyumbani ni ya mwenye nyumba. Mtoto haigusi, haigawanywi, na mgeni haipewi mpaka mwenyewe aitoe kwa mkono wake. Babu alikuwa akiila yeye. Alipofariki, kila mtu alijua inakwenda kwa Mjomba Deo, mdogo wake Mama na mtoto pekee wa kiume wa Bibi. Wanasimulia kwamba kuku wa kwanza baada ya matanga alipopakuliwa, Bibi alinyoosha mkono, akaichukua firigisi, akaitafuna taratibu huku akimwangalia kila mmoja usoni, akameza, akashushia na maji. Tangu siku hiyo mwenye nyumba alikuwa Bibi, na Mjomba Deo akabaki kutania kwamba yeye firigisi ataionja kwa harufu tu.

Mjomba Deo alikuwa fundi pikipiki pale Kashaulili, mtu mnene, mcheshi, na mlaji ambaye Mama akimwona anaingia getini alikuwa anaongeza maji kwenye ugali kabla ya kumsalimia. Siku ya Krismasi alikula mapaja ya Mtendaji akamtania kila aliyekuwepo. Firigisi ilikuwa kubwa karibu sawa na ngumi yangu. Mama aliiweka kwenye kisosi mbele ya Bibi. Bibi akaigusa kwa ncha ya kidole. "Ifunikeni," akasema. "Nitajua cha kuifanya kesho."

Kesho yake asubuhi Bibi aliniita akanituma kwa Mjomba. Nimwambie aje mchana, asikose. Nilikwenda nikarudi bila kujiuliza anamwitia nini, na Mama naye hakuuliza, kwa sababu alikuwa ameamka na mpango wake kichwani na masikio yake hayakuwa nyumbani.

Kulikuwa kumebaki nyama ya kifua, ile nyeupe, kavu. Mama aliniweka nayo kwenye kibaraza niichambue nyuzi moja moja, na kila nilipodhani nimemaliza alikuja, akaisugua kwa vidole, akasema bado. Alichemsha makaroni mpaka yakapita kiasi, yakawa yanakatika yenyewe, kwa makusudi. Alinunua maziwa kwa yule kijana wa Kisukuma aliyekuwa akipita na madumu kwenye baiskeli, akayachemsha, akakusanya utando wote wa juu kwenye bakuli. Halafu siagi, halafu unga, na ile harufu ikajaa ua mzima. Alimimina maziwa kidogo kidogo akikoroga bila kupumzika mpaka ukatoka mchuzi mzito, mweupe, laini kiasi kwamba kijiko kilizama kimya.

Kisha akafunua kile kisosi. Akaitazama firigisi kwa muda. "Hii ni yake," akasema. "Lazima aile." Akaikatakata, akaitia kwenye kinu kidogo cha vitunguu saumu, akaitwanga. Nilikuwa sijawahi kumwona akitwanga namna ile. Aliitwanga mpaka ikawa rojo, akaipitisha kwenye chujio la chai akiisukuma kwa mgongo wa kijiko, akaichanganya na vyote vile. Nikaona Mama yangu ni mtu mwenye akili kuliko madaktari. Bibi atapata haki yake bila hata kutumia jino.

Oveni hatukuwa nayo. Tulioka kama kila mtu alivyokuwa akioka keki, makaa machache chini ya sufuria na makaa mengi juu ya mfuniko. Juu kabisa alitandaza ule utando wa maziwa na mkate mkavu uliosagwa. Hakuniruhusu nishike upepeo. Alichuchumaa mwenyewe, jasho linamtiririka, midomo inatembea bila sauti. Nadhani alikuwa akisali.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka nje, amefunika miguu kwa kanga. Mjomba Deo alifika akipiga kelele tangu njiani kwamba ameitwa na harufu. Mama akampakulia Bibi wa kwanza, sehemu ya katikati, iliyoiva rangi ya dhahabu juu na chini ikawa laini tupu. Akapiga magoti, akaweka sahani mapajani mwake.

"Pananukia," Bibi akasema. Alishika kijiko. Halafu akasema, "Na ile firigisi yangu, ilete."

Mama alitabasamu. Nilikuwa nimesahau kwamba ana mwanya. "Imo humo ndani, Mama. Nimeitwanga. Huna haja ya kutafuna, ni kumeza tu."

"Umeitwanga?"

"Ndiyo, Mama."

"Yote?"

"Yote."

Bibi akarudisha kijiko sahanini, polepole. "Nilitaka nimpe Deo," akasema.

Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Mjomba, ambaye alikuwa katikati ya utani wa mteja wake mmoja, akanyamaza utani ukiwa haujafika mwisho. Mimi peke yangu ndiye sikuelewa kitu. Nikasema, "Bibi, kwani Mjomba si ana ya kwake kwenye sufuria?"

"Kula kwanza, Mama," Mama akasema. Sauti ilikuwa imemtoka nyembamba. "Kijiko kimoja tu. Kuku si wapo? Tutachinja kuku, utampa siku nyingine."

"Siku ipi, mwanangu?"

Aliuliza bila ukali wowote, kama anayeuliza siku ya gulio. Mama akaangalia chini. Bibi akainyanyua sahani kwa mikono yote miwili, akainyoosha. "Haya, Deo. Humu ndimo ilimo."

"Mimi nimeshiba, Mama." Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia Mjomba akitamka maneno hayo. "Dada amekupikia wewe. Kula. Nakuomba."

Sahani ikaanza kutetemeka. Mikono ya Bibi ilikuwa imebaki mifupa na mishipa, na makaroni yakawa yanasogea kuelekea ukingoni. Mjomba alimtazama Mama amsaidie. Mama hakuinua uso.

"Nachoka," Bibi akasema. "Pokea."

Mjomba akapiga magoti, akapokea. Bibi akashusha pumzi, akaegemea ukuta. "Kula yote," akasema, "maana sijui imeangukia upande gani."

Nasi tukamtazama Mjomba Deo akila. Alikula chakula laini kile kama anayetafuna kokoto. Machozi yaliingia kwenye ndevu na hakuyafuta. Alipotaka kuacha, Bibi alinyoosha kidole kuonyesha palipobaki, naye akakwangua. Kijiko kilivyolia kwenye sahani ile, hadi leo nakisikia. Ilipokuwa nyeupe kabisa Bibi akasema vizuri, akaomba alazwe. Mama alimletea sahani nyingine ndani. Bibi alilamba mchuzi kwenye ncha ya kijiko, akasema ni tamu, akageukia ukutani. Shule zilikuwa bado hazijafunguliwa tulipomzika.

Jioni ile ya makaroni nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa hasira. Nilimchukia Mjomba kwa moyo wangu wote. Mtu mzima, mwenye afya zake, anakula chakula cha mgonjwa, tena kile cha katikati. Mama alikuwa akiosha kinu akijisemea, "Ningeiacha nzima. Ningeiacha nzima." Nikadhani anajilaumu kwamba kutwanga kumeharibu ladha.

Nilikuwa mkubwa nilipoyaweka pamoja. Bibi alimwita mwanawe amkabidhi nyumba, na kitu cha kumkabidhia, Mama alikuwa amekisaga kwa upendo mpaka hakishikiki. Mama alitaka kijiko kimoja tu kipite, na yule aliyepikiwa alikuwa ameshamaliza kula. Hakuna aliyemkosea mwenzake, na hakuna aliyeweza kumsaidia. Mama hakuoka makaroni tena, na mimi sikumwomba.

Mjomba Deo ndiye mwenye nyumba sasa. Kwa miaka mingi nilimsalimia kwa mdomo tu, kwa sababu ya ile sahani, naye alinivumilia bila kuuliza. Siku moja, nikiwa nimeshazaa na mwanangu yu mgongoni, tulichinja kuku, nikampelekea firigisi yake kwenye kisosi. Nikaona jinsi alivyoitazama kabla hajaigusa. Ndipo nilipojua kwamba siku ile, katika ua ule mzima, aliyekuwa hataki kabisa kula alikuwa ni yeye.