Mstari wa Nne Mlangoni kwa Kasemi

Wifi yangu Kasemi alikuwa mtengeneza tempe, zile soya zinazochachuka ndani ya jani la mgomba, na hapa mjini kwetu Tulungagung hakuna aliyemshinda. Lakini waliobisha hodi kwake zaidi walikuwa wanafunzi. Kila Julai na Agosti, vijana wanaokwenda kusoma ng'ambo walimletea tarehe zao za safari kabla hata hawajawaambia baba zao. Kasemi alinawa mikono, akahesabu kwa vidole siku saba za juma juu ya siku tano za soko, Legi, Pahing, Pon, Wage, Kliwon, kisha akatamka: ondoka siku hii, ile usithubutu. Na alikuwa na mdomo. "Umenunua tiketi na viza huna? Utapanda ndege kwa kadi ya maktaba?" Walimlipa sukari na majani ya chai.

Sharti moja hakulilegeza hata kwa mtoto wa diwani: siku aliyofia mzazi, mtoto haanzi safari. Mlangoni jikoni alikuwa amebandika karatasi ya siku walizofia watu wa kwao. Ya baba yake, ya mama yake, na ya mumewe Sarpan, yaani kaka yangu, Jumamosi Pahing. Mistari mitatu.

Mwaka binti yake Wening alipopata nafasi katika chuo cha Uturuki, viza ilichelewa. Waliambiwa wiki tatu, zikawa saba. Barua ya chuo ilisema mwisho wa kujiandikisha ni Jumatatu. Asiyefika, nafasi na ufadhili wake anapewa mwingine. Viza ikatoka Alhamisi. Ndege za kutoka Surabaya zilizokuwa na nafasi ni mbili tu, ya Jumamosi jioni na ya Jumapili jioni. Ya Jumapili ingemfikisha Jumatatu asubuhi, na Jumapili hiyo ilikuwa Pon, siku njema kwa hesabu ya mama yake.

"Jumamosi," alisema Kasemi.

Nilidhani ameteleza ulimi. "Wifi, Jumamosi ni Pahing."

"Kalenda naijua."

"Ni siku ya kaka yangu!"

"Kaka yako alikuwa mume wangu. Nikimwomba ruhusa atanipa. Wewe ndiye uliyezoea kunyimwa."

"Na Jumapili ina ubaya gani? Siku nzuri, imekaa tu inasubiri."

"Jumapili hapana."

Niliondoka nimenuna. Miaka ishirini amewazuia watoto wa watu, leo wa kwake anampitisha juu ya kaburi la baba yake! Niliona kiburi, na nilimchukia usiku kucha.

Ijumaa asubuhi nilirudi kumaliza ugomvi. Nilimkuta kwenye kigoda anafunga tempe, miguu imevimba mpaka vidole havionekani vizuri. Tangu Ramadhani alikuwa akikonda, akisingizia jino. Mimi nililiamini hilo jino kwa sababu kuliamini kulikuwa rahisi. Nikainua macho kwenye ile karatasi ya mlangoni ili nimsomee jina la kaka yangu, nikaona mistari minne. Wa nne ulikuwa na wino mpya, mwandiko wake mwenyewe, bila jina: Jumapili Pon.

"Nani alikufa Jumapili Pon?" nikauliza.

"Bado," akasema, akavuta jani jingine.

Nikakaa sakafuni. "Hospitali wamesemaje?"

"Wamesema nirudi Jumanne. Waambie sitakuwa na nafasi." Akacheka, kisha akashika ubavu.

"Unakufuru, Kasemi. Siku ya mtu anaijua Mungu."

"Sijabishana naye. Nimehesabu mara tatu, wifi. Na kama vidole vimekosea, tumbo hili halikosei. Sasa sikiliza. Nikifa Wening akiwa hapa, atakaa siku saba za dua. Mtoto wangu unamjua. Nani atamng'oa hapa awahi Jumatatu? Aondoke nikiwa napumua. Na usimwambie kitu mpaka wamwandikishe."

"Na likitokea kabla?"

"Halitokei kabla. Nina kazi."

Niliapa. Mpaka leo najiogopa nikikumbuka jinsi nilivyoapa upesi.

Jumamosi gari lilisubiri nje. Wening alipiga magoti, akaweka paji la uso juu ya magoti ya mama yake. "Mama, leo si siku ya baba?"

"Ndiyo. Anakusindikiza. Nenda, usigeuke."

Akafika mlangoni, akageuka. Alisema amesahau chupa ya sambali, ile pilipili ya kusaga, akarudi jikoni mbio, akakawia humo kuliko chupa moja inavyohitaji. Kasemi hakusimama kumuaga, maana asingeweza, na Wening alidhani ni maringo ya mama yake tu.

Jumapili saa nne asubuhi simu iliita. "Shangazi, nimefika, wamegonga muhuri kwenye pasipoti! Nimepita!" Nilimpa mama yake. "Umekula?" akauliza. "Haya, kesho kapange foleni mapema, usiwe wa mwisho kama mamako kwenye harusi." Akanirudishia simu, akaniomba nizigeuze tempe za juu zisipate joto sana. Nilizigeuza zote. Niliporudi, adhana ya adhuhuri ilikuwa inamalizika, na alikuwa amekwisha. Tulimzika kabla ya magharibi.

Jumatatu alasiri nyumba ilikuwa imejaa watu wa dua. Simu ikaita tena, nikatoka nayo hadi jikoni.

"Wameniandikisha, shangazi! Nina namba!"

"Alhamdulillahi, mwanangu."

"Nipe mama."

Ukutani majani ya mgomba yalikuwa bado yamepangwa kwa kazi ya wiki nzima. Sauti za Yasini zilikuwa zinapanda kutoka sebuleni, na nadhani alizisikia.

"Shangazi," akasema polepole, "Jumamosi niliipiga picha karatasi ya mama, nisije nikakosea siku ya kurudi. Nimeiangalia sasa hivi kwenye foleni. Jumapili Pon ni ya nani?"

Neno lililonijia mdomoni ni lile lile la wifi yangu, bado. Lakini Jumapili ilikuwa jana.