Bomba la Baba Mtakatifu

Kuna sauti ninayoisikia kila asubuhi hapa ugenini, Madinat Sultan Qaboos: maji yakijaa kikombe cha bati. Nje ya ukuta wa nyumba ninayofanyia kazi kuna tangi la maji baridi, sabili, aliloliweka Bibi mwenye nyumba kwa ajili ya wapita njia. Mafundi na wafagia barabara hunywa, kila mtu hushukuru kwa lugha yake, kisha huenda zao. Kazi yangu ni kulisugua bomba lake. Juzi niliganda pale na kitambaa mkononi, Bibi akanichungulia dirishani.

"Mbona umesimama kama mlingoti, mwanangu? Nnakuita, hunisikii."

"Nilikuwa mbali, Bibi. Nilikuwa kwetu."

Na kweli nilikuwa kwetu, Tanzania bara, na ndoo yangu. Bibi alitaka dawa zake, sikumsimulia. Acha niwasimulie nyinyi.

Wazazi wetu walipofariki, nilibaki mkubwa wa watoto wanne. Mtaa wetu ulikuwa kilimani, maji yalikuwa bondeni. Ukishuka unaimba, ukipanda unanyamaza. Asubuhi yote iliishia njiani, na nilipofika shuleni wenzangu walikuwa wanatoka. Mwisho nikaacha kwenda. Siku moja mwalimu alinikuta na ndoo kichwani, akaniambia, "Maji yakisogea, na wewe usogee. Dawati lako halijakaliwa." Neno hilo lilikuwa zito kuliko ndoo.

Ndipo ikatangazwa kanisani kwamba Papa anakuja, na misa itafanyika kwenye uwanja mtupu uliopakana na mtaa wetu. Lami ikamwagwa kutoka uwanja wa ndege hadi kwetu, tukalala na harufu yake puani. Nyumba zilizoelekea barabara zilipakwa chokaa, upande wa mbele tu. Nyuma zilibaki na udongo wake. Mbuzi walipigwa marufuku barabarani, wakawa wanatutazama kwa dharau kutoka vichochoroni. Nguzo za taa zikasimamishwa. Na kwa ajili ya umati, bomba la maji likavutwa hadi uwanjani, karibu na mlango wetu.

Siku yenyewe niliona kidogo. Jua, vumbi, vitenge vyenye picha yake, na mkono mweupe ukipunga juu ya vichwa vya watu. Deo, mdogo wetu wa mwisho, niliyembeba mabegani, aliona kama mimi. Alikwenda akiwatangazia watoto wenzake, "Papa hana kichwa, ana mkono tu."

Wageni walipoondoka, wakaja mafundi wa maji na spana. Bomba lilikuwa la muda, walisema, na vifaa vilitakiwa kwingine. Nilisimama na ndoo yangu. Ndipo akatokea Mama Tekla, jirani yetu, rafiki wa marehemu mama, mwanamke mnene mwenye ulimi usiochoka.

"Hilo hang'oi mtu! Baba Mtakatifu kanywa hapo."

"Ulimwona, mama?" fundi akauliza.

"Wewe ulimwona asinywe?"

Wanawake wakaangua kicheko. Kisha kicheko kikakatika, maana mmoja wao alikwisha kuvua rozari yake na kuitundika kwenye koki. Ikafuata nyingine. Fundi akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akarudisha spana mfukoni.

Nikarudi shule. Dawati kweli lilikuwa wazi. Nilichota maji kabla ya kengele, na nikajifunza kugawanya kwa njia ndefu, jambo lililonifurahisha kuliko inavyostahili.

Lakini habari ya bomba haikukaa mtaani. Watu walianza kuja na chupa kutoka parokia za mbali. Kando ya lami mpya vikaota vibanda vya mishumaa, mgahawa wa chai, nyumba ya wageni. Kamati ya parokia ikaona mahali patakatifu hapawezi kuachiwa ndoo na watoto wanaoosha miguu. Wakamwaga sakafu ya saruji, wakajenga paa dogo jeupe, wakazungusha uzio wa chuma. Wakatia kufuli, la kufunguliwa sikukuu.

Mama Tekla alivaa kitenge chake cha misa, akaenda kwa mwenyekiti wa kamati kukiri kwamba alitunga. Alirudi akihema.

"Kaniambia nisimkosee heshima Baba Mtakatifu. Mwanangu, ukweli nimewapelekea mkononi, wameukataa!"

Akacheka hadi machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yaliendelea.

Ndoo ikanirejesha bondeni; sikurudi tena darasani. Wadogo zangu walisoma; hilo sikuliachia. Miaka mingi baadaye, nilipokwenda kwetu likizo kutoka huku, nilikuta mji umekua kuuzunguka uwanja ule, na watoto wa shule wakiletwa kuonyeshwa bomba, wakiambiwa ni urithi wao. Nilisimama nyuma yao nikasikiliza. Kisha nikaenda kulala. Safari ilikuwa imenichosha.

Baada ya lile kufuli, mara nyingi nilipofungua mlango alfajiri nilikuta ndoo imejaa, imewekwa kizingitini. Mama Tekla alisema amechota ya ziada, yangeharibika bure. Nilimwamini. Niliwanawisha wadogo zangu, wakawahi kengele. Leo nina umri aliokuwa nao yeye, na magoti yananiuma nikipanda ngazi za nyumba hii. Ndiyo sasa najua: hakuna mtu anayepanda kilima kile na maji ya ziada.