Siku Nilipomfasiria Mgeni wa Baraza

Habari za mgeni zilifika Kariakoo kabla serikali haijazitangaza. Makuli wa bandarini walizipata kwa mabaharia, wauza samaki wakazibeba mpaka sokoni, na kufikia adhuhuri hapakuwa na mtu dukani kwa baba yangu asiyekuwa na la kusema. Mkuu wa serikali ya nchi jirani, kule walikojaa masetla, Wazungu waliokuja kukaa, alikuwa anakuja kwa meli. Angelala kwa Gavana wetu, na kesho yake angehutubia Baraza la Kutunga Sheria. Ilisemekana anataka nchi yake na yetu ziwe moja.

Nikiwaeleza vijana leo, hawaoni la kutisha hapo. Sisi tulitishika. Kwenye nchi ile kulikuwa na kipande, karatasi iliyotiwa ndani ya kikopo cha bati, na mwanamume mweusi alikivaa shingoni aendapo kutafuta kazi. Askari akimkuta hana, anamtia ndani. Tulikuwa na watu waliokwenda huko wakarudi, na walituonyesha kwa kidole mahali kamba ilipowachubua. Mashamba mazuri ya huko, walisema, yote yalikuwa ya masetla. Mama yangu alikuwa Mzaramo wa Buguruni, na ndugu zake waliishi kwa minazi na mihogo yao. Baba alitoka Hadhramaut akiwa kijana, akafungua duka la mafuta ya taa, kahawa na chumvi, na hofu yake ilikuwa nyingine. Hakujua nchi ikibadilishwa hivyo, mtu kama yeye angehesabiwa kuwa wa wapi.

Mimi nilikuwa karani mkalimani mahakamani. Siku chache kabla meli haijafika, niliitwa na katibu wa Baraza, Mzungu mwembamba aliyekijua Kiswahili vizuri na asiyependa kukitumia. Aliniambia kuwa Gavana ameona vyema wazee wachache wa mji waalikwe, wakae benchi la nyuma, wasikilize hotuba. Katika Baraza lenyewe hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Walikaa Wazungu na Wahindi wachache. Wazee wetu wangeingia kutazama tu, ili mgeni aone kwamba tunaishi kwa masikilizano. Mimi ningekaa katikati yao na kuwafasiria kwa sauti ya chini.

"Usifasiri kila neno," alisema. "Wape maana yake tu. Pakitokea maneno makali, hayo yaache humo humo."

Nilimjibu ndiyo bwana, nikatoka. Mahakamani nilikuwa nimeapa kwa Msahafu kufasiri yote, na hakimu alikuwa akinikaripia nikiruka hata tusi. Sasa niliambiwa niruke, na walioniambia ndio walionipa kazi.

Alasiri ile babu alikuja dukani. Kwa kweli alikuwa mjomba wa mama yangu, jumbe wa Buguruni, yaani mkuu wa kijiji aliyetambuliwa na serikali, mtu mkaidi mwenye masikio mazito ambaye alizungumza na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya bonde la Jangwani. Alikuwa miongoni mwa walioalikwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanishika bega mbele ya wateja wote.

"Mjukuu wangu," alisema, "siku hiyo wewe ndiwe sikio langu. Atakalosema yule mtu, nami nilisikie."

Wateja walinitazama. Baba aliendelea kupima chumvi bila kuinua kichwa. Babu alipoondoka ndipo aliponiambia, taratibu, nifanye kama nilivyoagizwa na Mzungu. Babu yako ana shamba, alisema, wewe una kalamu tu, nayo si yako. Mke wangu, aliyekuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, hakunishauri kitu. Aliniuliza tu kama nikifukuzwa tutaenda kukaa Buguruni kwa ndugu za mama yangu, na kama huko Buguruni nako kutakuwa kwetu bado.

Siku yenyewe mji ulifagiliwa, bendera zikatundikwa toka gatini mpaka kwa Gavana. Nilivaa kanzu iliyopigwa pasi na koti la baba, nikafika mapema, na bado nikamkuta babu amenitangulia, amekaa wima kwenye benchi la nyuma pamoja na wazee wenzake, fimbo katikati ya magoti. Nilikaa ubavuni pake. Katibu alikuwa kwenye meza ndogo mbele yetu kidogo, akituonyesha upande wa uso.

Mgeni hakuwa na sura ya kuogopesha. Alikuwa na sauti nzuri, na alijua kuitumia. Alisifu bandari yetu, akasema bahari ilimchafua tumbo tangu alipopanda meli, wajumbe wakacheka. Nilifasiri hayo kwa kunong'ona, na wazee wakatabasamu kwa adabu. Babu hakutabasamu.

"Sisikii," alisema.

Nilipandisha sauti kidogo. Akasema bado hasikii. Nikapandisha tena, na hapo katibu akageuka kunitazama, maana sasa kila nililosema lilifika mpaka meza za mbele. Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja katika siku zote za kuhangaika. Nilikuwa nimehofia nitasema nini. Kwamba ningelisema mbele ya ukumbi mzima, hilo halikunijia.

Mgeni aliingia kwenye kiini cha maneno yake. Alitaka reli moja, posta moja, na mwisho serikali moja. Alisema wenyeji wa nchi hizi bado watahitaji kuongozwa kwa miaka mingi, na kwamba wa kuwaongoza ni Wazungu waliokuja kukaa na kulima, kwa kuwa hao hawapiti tu kama maofisa. Nilifasiri hayo nikiyalainisha kidogo pembeni. Kisha akasema kuwa kule kwao kipande kimeleta utaratibu katika kazi, na kwamba haoni kwa nini nchi yetu ikose faida hiyo. Nikanyamaza.

Babu alinishika mkono wa kanzu. "Mbona umenyamaza? Midomo yake bado inacheza."

Nilimtazama katibu. Alikuwa ameweka kalamu chini. Wazee wengine nao walikuwa wameniinamia, wanangoja, na mmoja alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio. Nikafasiri. Nilisema, "Anasema kule kwao kipande kimeleta utaratibu, na kwamba kingetufaa na sisi." Neno kipande halikuhitaji mkalimani katika ukumbi ule. Wajumbe kadhaa waligeuza vichwa kututazama.

Babu akasimama. Hakuomba ruhusa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa huombwa. Gavana aligonga meza kwa nyundo, na babu, ambaye nadhani hakusikia mlio wa nyundo ile, akaendelea kusimama na kusema kwa sauti ile ile ya dukani.

"Mwambie mgeni nimemsikia. Mwambie nauliza. Hicho kipande, na hao wanaokuja kukaa nao watavaa, au ni sisi tu tuliozaliwa hapa?"

Mgeni alikatiza hotuba. Alikuwa anatabasamu bado, na aliuliza kwa Kiingereza mzee anasema nini. Macho yote yakanijia. Katibu alitikisa kichwa, kidogo sana, mara moja, na nilimwelewa. Jibu alilolitaka lilikuwa tayari mdomoni mwangu: mzee anamshukuru mheshimiwa kwa maneno yake mazuri. Babu asingejua. Hakuwa na neno moja la Kiingereza.

Sikuwa shujaa, na sitaki mtu anifanye hivyo. Nilisimama, nikaanza kama nilivyozoea kuanza mahakamani kila siku: "Anasema." Nilipokwisha kuanza hivyo, ulimi wangu haukujua njia nyingine. Nililitoa swali lote kwa Kiingereza kama lilivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Mjumbe mmoja alicheka, kisha akaona yuko peke yake. Mhindi mmoja alikazia macho makaratasi yake. Mgeni alimtazama Gavana, akanywa maji, akarudi kwenye habari za reli. Babu alikaa. Aliniuliza amejibu nini, nikamwambia kuwa anaendelea na reli.

Tulipotoka, katibu alinisubiri mlangoni. "Nilikuomba jambo dogo," alisema, na akaenda zake.

Mgeni aliondoka na meli, na hapo ndipo hofu yenyewe ilipoanza. Kila askari alipopita mtaani kwetu, mke wangu aliweka chini alichoshika mpaka nyayo zipotee. Mimi nilienda kazini nikifasiri kesi za wezi wa kuku huku sikio liko mlangoni. Baba, aliyeniambia nitii, sasa alikuwa akiwasimulia wateja kisa kizima, hata sauti ya mgeni akiiga, kana kwamba naye alikuwa ukumbini. Nilimsihi aache. Aliacha kwa muda, kisha akarudia.

Babu aliitwa na Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, akavuliwa cheo cha ujumbe. Zamu yangu ilifika masika yalipokwisha. Niliondolewa ukalimani, nikapelekwa bandarini kuandika alama za masanduku ghalani, na sikurudishwa tena. Tulipopata habari hiyo mke wangu, aliyekuwa akihofia jela, alilala mchana kutwa, usingizi wa mtu aliyetoka safari, na mwanetu alizaliwa muda mfupi baadaye. Mpango wa kuunganisha nchi ulizungumzwa miaka kadhaa kisha ukafifia. Walioufifisha walikuwa wakubwa wa mbali, kwa sababu zao. Sidhani mmoja wao aliwahi kusikia habari za benchi letu.

Nilikwenda Buguruni kumwonyesha babu mtoto. Nilimkuta shambani, akipalilia mihogo. Nilikuwa nikimwogopa, kwa kuwa ni mimi niliyelifikisha swali lililomvua cheo, lakini alimpokea mtoto, akamtazama vidole kimoja kimoja, na hakutaja habari ya cheo chake. Kisha akaniuliza.

"Hivi yule mgeni alinijibu nini?"

"Hakujibu, babu."

"Mimi nilidhani alijibu," alisema, "ukaona haya kunifasiria."

Nilimwambia hapana, hakujibu chochote, alikunywa maji. Akanirudishia mtoto, akachukua jembe.