Kutu Kwenye Majaruba ya Mama

Siku niliyofika Magoma kuchukua udongo wa utafiti wangu, nilimkuta mama amesimama kwenye tuta la jaruba lake, akigomba kwa Kizigua kitupu. Mama akikasirika, Kiswahili humkimbia. Mbele yake alisimama jirani yetu, fundi mstaafu wa mashine za mkonge, ambaye pampu yake ya dizeli huvuta maji ya mfereji karibu kabisa na shamba letu. Katikati yao, suruali imekunjwa hadi magotini, alikuwa mwenyekiti wa kitongoji.

"Shikamooni," nilisema.

Wanaume wawili wakaitikia. Mama alinyoosha kidole majini. "Tazama mwenyewe. Huyu mzee anamwaga dizeli kwenye mpunga wangu."

Juu ya maji kulikuwa na utando unaometameta rangi za upinde wa mvua. Pembeni, tope lilikuwa na wekundu wa bati lililozeeka. Mtu yeyote angeapa kuwa ni mafuta.

"Pampu yangu haivuji," fundi alisema taratibu. Alionekana amechoka kuirudia kauli hiyo. "Nimeishi na mashine tangu ujana. Ingekuwa inavuja, mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kujua."

Nilivua viatu nikaingia. Matope yalinifika juu ya vifundo, na kila nilipokanyaga, mapovu yalipanda. Niliokota bua la mpunga nikaugusa ule utando. Ulivunjika vipande vipande kama kioo chembamba, na kila kipande kikaelea upande wake.

"Mafuta yangerudi kuungana," nilisema. "Hiki ni chuma."

"Tangu lini chuma kikaelea?" mama aliuliza.

Kwa mama, shule yangu peke yake haikuwa ushahidi. Alichukua beseni, akateka maji safi, kisha akamwomba fundi dizeli kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Akaimimina, akaivuruga kwa kidole. Utando ulipasuka, halafu ukarudi kuungana. Akaenda kwenye jaruba, akavunja utando wa kule. Vipande vikabaki vipande. Akarudia mara nyingine, huku mwenyekiti ameinama naye kama watoto wawili waliokuta kiota.

Kisha akajifuta mikono kwenye khanga. "Mzee wangu, nimekukosea. Njoo nyumbani ule."

"Nitakuja," fundi alijibu. "Ila tangu Ramadhani hunisalimii. Huo wali uwe na nazi ya kutosha."

Tulipokuwa tukila wali huo ndipo nilipowaeleza kilichonileta. Shamba likifurika, hewa huisha udongoni. Vijidudu wa mle ndani hawafi. Baadhi yao huitumia kutu badala ya hewa. Chuma kilichomo kwenye kutu hiyo huyeyuka, hupanda hadi juu ya maji, na kikikutana na hewa hugeuka kutu tena. Ndio ule utando. Vijidudu wengine, wasiotumia kutu, hutengeneza methani, gesi inayotoka na mapovu na kuongeza joto la dunia. Makundi haya mawili hugombania chakula kilekile kinachotokana na majani yanayooza. Kutu ikiwepo, walaji wa kutu hutangulia, na watengeneza gesi hubaki na njaa.

"Basi dawa ni chuma," fundi alisema. "Nina mabaki ya vyuma nyuma ya nyumba. Tumwage."

"Subiri kwanza, mzee. Hiyo ndiyo kazi yangu, kujua chuma kipi."

Alinipa sumaku kutoka kwenye spika mbovu, na nikaenda nayo kwenye vijito vinavyoshuka kutoka Dindira. Mvua huacha huko mchanga mweusi, mzito, unaorukia sumaku kama siafu. Kule Misima nilichimba udongo mwekundu wa mlimani, wenye kutu nyingi. Chuoni nilijaza chupa za kioo tope la mama. Baadhi niliziongezea udongo mwekundu, nyingine mchanga mweusi, na nyingine niliziacha zilivyo. Nikazifunga, nikasubiri.

Chupa za udongo mwekundu zilichelewa sana kutoa gesi, kama nilivyotarajia. Zile za mchanga mweusi zilitoa gesi mapema kuliko zote, na nyingi zaidi kuliko hata zile zisizoongezewa kitu.

Msimamizi wangu alitikisa kichwa. "Umechanganya chupa."

Sikuwa nimechanganya. Niliijua mikono yangu. Lakini sikubishana; nilianza upya kwa tope jipya, naye akaweka alama kwa mkono wake mwenyewe. Majibu yakawa yaleyale. Alizitazama chupa kwa muda, akacheka, akaniambia nikae tuandike.

Nilipowarudishia habari nyumbani, fundi ndiye aliyekuwa na haraka ya kujua sababu. Nilimwambia mchanga ule hupitisha umeme. Vijidudu wanaovunjavunja chakula na wale wanaotengeneza gesi huutumia kama waya. Hupitishiana nguvu bila kupoteza muda.

Akasema, "Kumbe ningemwaga vyuma vyangu, pengine ningewavutia waya hao watengeneza gesi."

"Pengine. Chuma cha kutosha mnacho tayari shambani. Kinahitaji hewa tu ili kirudi kuwa kutu."

Maana yake ilikuwa kukausha jaruba katikati ya msimu. Mama aliweka kijiko chini. "Mpunga ni maji, mwanangu."

"Jaruba moja tu, mama. Mpunga ukianza kunyauka, unafungulia maji."

Alikubali jaruba la mwisho, lile la karibu na pampu. Ulipofika wakati wa kulikausha, fundi alizima mashine, akaziba mlango wa maji kwa magunia ya mchanga. Tope lilipasuka nyufa, na kwenye kuta za nyufa hizo wekundu ulirudi. Mama alikwenda kulitazama kila asubuhi kama anayemtembelea mgonjwa. Maji yaliporudishwa, nilifunika mashina kwa ndoo iliyogeuzwa na kuvuta hewa yake kwa sindano. Gesi ilikuwa imepungua waziwazi. Nayo mavuno hayakuwa nyuma ya majaruba mengine. Mama aliyapima kwa debe, akayapima tena.

Msimu huu wanawake wa mfereji wa juu walikuja kuuliza kwa nini shamba la mama lina nyufa ilhali maji yapo. Nilikuwa nimekaa kwenye tuta, nikitafuna muhogo. Nilifungua mdomo kueleza, lakini mama alikuwa ameshapandisha khanga na kuingia shambani.

"Njooni huku chini," aliwaambia. "Huwezi kuuona udongo ukiwa umesimama barabarani."

Wakavua kandambili, mmoja baada ya mwingine, wakamfuata.