Mkuki wa Elinipendo hauvuki isale

Saa kumi na moja na nusu alfajiri ukungu bado umelala juu ya migomba ya kijiji cha Mamba, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, lakini foleni ya ndoo imekwishajipanga mbele ya kituo cha maziwa. Ndani, kwenye mwanga wa chemli, Elinipendo Mlay anachota maziwa kwa kikombe kirefu, anatumbukiza kipimo cha kioo kinachoonyesha kama yana maji, kisha anachuchumaa mpaka jicho lake liwe sawa na mstari.

"Yamepita, mama. Aika," anasema, akimshukuru kwa Kichagga, na kuimimina ndoo nzima kwenye keni.

Anaimimina kwa mkono wa kulia. Mgeni hawezi kuona ajabu yoyote hapo, lakini wanawake wa foleni wanautazama mkono huo kwa jicho la pembeni, kama mtu anavyomtazama mtoto wake akipita barabarani. Miaka miwili iliyopita mkono huo haukuweza kuinua kikombe cha uji.

Elinipendo ana miaka kumi na tisa. Kituo hiki cha kikundi cha akina mama kinamlipa shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi, na yeye haoni haya kusema kwamba hazitoshi. Baba yake, Ebenezeri, alipunguzwa kazi kiwandani Moshi mjini, akarudi kwenye kahawa wakati ambao kahawa yenyewe haina bei. Kwa hiyo nyumbani wanaishi kwa ndizi, ng'ombe mmoja, na matumaini ambayo binti huyu ameyabeba begani.

Elinipendo anarusha mkuki. Jumamosi ya wiki ijayo, katika uwanja wa Moshi mjini, timu mojawapo ya majeshi itachagua wanariadha wapya. Atakayechaguliwa anapata sare, mshahara na kazi ya kudumu. Hawachukui aliyevuka miaka ishirini, na uchaguzi mwingine ni baada ya miaka miwili. Hesabu hiyo kila mtu kijijini anaijua, hata wale wasiojua mkuki unashikwaje.

"Siendi kujaribu," anasema huku akifuta meza. "Naenda kuchukua nafasi yangu."

Majivuno hayo yana historia, na sehemu ya kwanza ya historia hiyo inauma.

Juni 1997, akiwa kidato cha nne, alikuwa msichana aliyerusha mbali kuliko wote katika shule za eneo lake. Mwezi mzima kabla ya mashindano kiwiko kilikuwa kikimuuma upande wa ndani. Alikipaka dawa ya kuchua, akavaa sweta la mikono mirefu ili mama yake asione uvimbe, akanyamaza. Katika mrusho wake wa pili akasikia mlio wa kijiti kikavu kinachovunjwa. Mkuki ulianguka karibu na miguu yake, na mkono ukabaki umekunjika.

"Nilimwambia maumivu ni dalili kwamba mkono unakua," anakiri Mwalimu Hosea, aliyekuwa akimfundisha. "Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, nikampa na yeye. Nilikosea, na nalisema hilo popote."

Daktari aliona kwamba kano imevuta kipande cha mfupa mpaka kikabanduka. Wakamfanyia upasuaji, wakakirudisha kipande hicho kwa skrubu, wakamfunga piopii, plasta ngumu ya kushikilia mfupa. Ebenezeri aliuza ng'ombe mmoja kati ya wawili na hakuwahi kumtaja tena ng'ombe huyo. Mtihani wa kidato cha nne Elinipendo aliufanya akiandika pole pole, akipumzisha mkono kila ukurasa.

Januari iliyofuata alikabidhiwa kwa Ruth, mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini. Ruth ni mzaliwa wa Singida, mama mfupi asiyepoteza maneno. Kila baada ya wiki mbili alimpima, akampa karatasi: arushe mita ngapi, mara ngapi, siku ngapi kwa wiki.

"Vijana wote wanaorusha ni walewale," anasema Ruth. "Mfupa ukishapona wanadhani wao wamepona. Mkono hauna haraka, mwenye haraka ni mwenye mkono. Nilimwambia aweke alama, asiivuke."

Elinipendo akaweka jiwe. Nyumbani kwao, pembeni ya mfongo unaoleta maji kutoka juu, kuna ukanda wa majani ya ng'ombe, karibu sehemu pekee ya kihamba chao, shamba la urithi wa ukoo, ambayo si mteremko mkali. Jiwe likakaa mita kumi na tano. Siku ya nne likawa kumi na nane.

"Nilikuwa nalisukuma kwa mguu, kidogo kidogo," anasema, na hapo anacheka kwa aibu. "Nikijiambia kuwa jiwe limeteleza."

Jiwe hilo liliteleza mpaka likafika mita thelathini, tena kwa kupanda mlima. Mwishoni mwa Februari kiwiko kilivimba kama papai. Ruth alikigusa, akamwambia arudi nyumbani na asiguse mkuki kwa miezi sita.

"Nililia mpaka mama akaogopa," anasema Elinipendo. "Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu safari hii niliharibu mwenyewe."

Hosea, aliyeliona jiwe likitembea na asiseme neno, alipanda kwa Ebenezeri akiwa ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Kwa Wachagga, anayekuja na jani hilo anaomba msamaha, na ni vigumu kumfukuza. Ebenezeri alilipokea, akaligeuzageuza mkononi kwa muda mrefu. Isale ndilo pia linalopandwa mpakani. Likishaota, hakuna mtu mwenye akili zake anayelisogeza.

"Nikawaza, huyu mtoto hana heshima na jiwe," anasema Ebenezeri. "Lakini isale atalisukuma kwa mguu? Hawezi. Ameshiba ndizi za hapa."

Agosti, Ruth aliporuhusu mazoezi yaanze upya, Ebenezeri alikata isale, akalipanda katikati ya ukanda wa majani, mita kumi kutoka mahali pa kurushia. Aliona amefanya jambo la busara. Alichosahau ni kwamba majirani nao wana macho.

Siku ya tatu alikuja Mzee Aminieli. Mzee huyu ni baba mdogo wa Ebenezeri, na kihamba chake kinapakana na ukanda huo upande wa juu. Hakuja peke yake. Alikuja na wazee wanne wa ukoo, wamevaa makoti, na hakuna hata mmoja aliyekubali kukaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umemkatia nani?"

"Nimemkatia nani nini, baba?"

"Kihamba. Isale linaota katikati ya majani ya marehemu kaka yangu. Mgeni wako ni wa wapi? Wa mjini?"

Siku hizo watu wa mjini walikuwa wakipanda mlimani na fedha zao kutafuta viwanja, na mzee alikuwa amekosa usingizi akimwona mgeni akijenga kati yake na mtoto wa kaka yake, juu ya ardhi yenye makaburi. Ebenezeri alianza kueleza habari za kiwiko. Kadiri alivyoeleza ndivyo wazee walivyozidi kutazamana. Isale la kupimia mkuki hawakuwahi kulisikia tangu wazaliwe. Ikabidi Elinipendo aitwe, akunje mkono wa nguo, aonyeshe kovu, kisha arushe mbele yao.

Akarusha. Mkuki ukachoma ardhi kabla ya isale. Wazee wakakaa, pombe ikaletwa, na mambo yangeishia hapo kama Mzee Aminieli asingekuwa Mzee Aminieli.

"Isale limeshapandwa," akatangaza. "Haling'olewi ovyo kama mchicha. Likisogezwa, lisogezwe mbele ya pande mbili, na upande wa pili ni mimi."

Ndivyo alivyopata kazi asiyolipwa. Tangu siku hiyo, kila zoezi mzee hukaa kwenye kigoda chake pembeni ya isale, mfuko wa kushoto wa koti ukiwa na punje thelathini za kahawa kavu. Mkuki ukirushwa, punje moja inahamia mfuko wa kulia. Mfuko wa kushoto ukiisha, anasimama na zoezi limekwisha, hata kama Elinipendo analalamika. Karatasi ya Ruth anaisoma kwa sauti, miwani puani, na neno "asizidishe" analisoma mara mbili.

Ruth aliposikia habari za isale alicheka mpaka akashika ukuta. "Dawa hiyo hatukufundishwa chuoni," anasema. "Lakini kuanzia hapo kiwiko hakikuvimba hata siku moja."

Isale likasogea hadi kumi na tano, likasogea hadi ishirini. Februari mwaka huu lilikuwa mita ishirini na tano Mwalimu Hosea alipofika akihema. Timu nyingine ya majeshi ilikuwa inachagua Jumamosi ileile, bila tangazo la mapema. Elinipendo alikwenda moja kwa moja kuchukua mkuki. Alitaka kurusha kwa nguvu zote mara moja tu, ajue yuko wapi, kisha apande gari la Moshi.

Mzee Aminieli aliinuka kwenye kigoda, akasimama mbele ya isale, fimbo mkononi.

"Karatasi inasema ishirini na tano."

"Babu, nafasi inapita. Nakuomba."

"Ipite. Ukitaka kuvuka isale, nichome mimi kwanza."

Elinipendo aliweka mkuki chini, akaingia ndani, na kwa siku tisa hakumpa babu yake neno lolote. Jumamosi ilipita. Wasichana wawili wakachukuliwa, na mmoja wao ni yule ambaye Elinipendo alikuwa akimshinda tangu kidato cha pili.

"Nilimchukia babu," anasema Elinipendo waziwazi. "Nilikuwa namwona kila asubuhi kwenye foleni na ndoo yake, namchukia."

Siku ya kumi mvua ilinyesha sana. Mzee alisuuza ndoo, akasahau kumwaga maji yaliyobaki chini, akakamulia humohumo. Alipofika kituoni, kipimo kilizama kikapita mstari. Kidogo tu, unene wa ukucha. Foleni nzima ilikuwa inatazama, maana hakuna aliyewahi kumrudishia Mzee Aminieli maziwa.

"Hayajapita, babu," Elinipendo akasema. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu siku ile.

Mzee akachuchumaa kwa shida, magoti yakilia, akaweka jicho lake kwenye mstari. Akatazama. Akanyanyuka na kuchukua ndoo yake.

"Umefanya sawa," akamwambia. "Na mimi kule kwenye majani nafanya hiyohiyo."

Elinipendo anasema alibaki ameshika kipimo, foleni ikimngoja. Mwaka mzima alikuwa akiwarudishia watu maziwa kwa unene wa ukucha, bila kumwonea mtu haya, na alikuwa akijisifia hilo. Jioni alikwenda kwa babu yake na bakuli la mtori. Kesho yake wakarudi kwenye zoezi, punje thelathini mfukoni, mita ishirini na tano.

Machi wakasogea thelathini. Aprili thelathini na tatu, na hapo ukanda wa majani ukaisha. Mbele yake kulikuwa na mpaka halisi, safu ya masale ya zamani aliyoyapanda baba yake Aminieli, na nyuma ya safu hiyo migomba. Karatasi mpya ya Ruth ilisema mita arobaini. Ebenezeri akaanza kufikiria kumpeleka binti mbali, kwenye viwanja vya tambarare.

Jumatatu asubuhi walisikia panga. Mzee Aminieli alikuwa ameangusha migomba sita ya mshare, mmoja ukiwa na mkungu ambao haujakomaa. Ndani ya kihamba chake mwenyewe, hatua nane kupita mpaka, alikuwa amepanda isale dogo.

"Nimeazimisha, sijatoa," aliwaambia waliokuja kushangaa. "Migomba itachipua. Huyu akipita miaka ishirini hachipui tena."

Ebenezeri anapofika hapo katika masimulizi husimama, akatazama kando, akadai kuna moshi unamwingia machoni. Moshi wenyewe haupo.

Mwezi huu Elinipendo ameufikia uwanja wa babu yake mara nyingi. Mkuki unapita juu ya masale ya zamani, unashuka kati ya visiki vya migomba, unachoma ardhi karibu kabisa na isale dogo bila kulivuka. Mkono haumuumi. Kabla ya kuvunjika alikuwa akirusha mita thelathini na nane. Hosea anaamini sasa ana arobaini na nne ndani yake, labda zaidi, lakini hakuna aliyeziona, maana hajawahi kuruhusiwa.

Juzi alitoka hospitalini na karatasi ya mwisho. Mzee Aminieli aliipokea, akavaa miwani, akasoma. Akaigeuza upande wa pili. Akarudi upande wa kwanza, akasoma tena, safari hii midomo ikitembea. Karatasi nzima ilikuwa na neno moja: "Arushe."

"Mbona hajaandika mpaka wapi?" akauliza.

"Hajaandika, babu."

Mzee aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. Jumamosi ijayo ataliacha shamba kwa siku nzima, jambo ambalo hajalifanya tangu alipozikwa kaka yake, na kushuka Moshi pamoja nao. Kila mrushaji atapewa mirusho sita. Mzee amekwishachagua punje sita za kahawa, kubwa kubwa, na kuzifunga kwenye kitambaa.

Elinipendo yeye amepanga jambo dogo zaidi. Akipata sare, mshahara wake wa kwanza utanunua mkungu wa mshare, aupeleke kwa babu kulipia ule uliokatwa mchanga. Akiulizwa kama hana wasiwasi, anajibu akiwa bado ameshika kipimo cha maziwa.

"Miezi tisa nimerusha nikiwa najua pa kuishia," anasema. "Nataka kujua pale ambapo hakuna aliyepanda kitu."

Kisha anamwita mama anayefuata kwenye foleni, na kuchuchumaa.